Shajara ya mradi: kuziba udhaifu wa CVE-2022-1552 kwenye seva zetu za PostgreSQL

12 Mei 2022

Leo mradi wa PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, umetoa matoleo madogo ya matawi yote matano yanayohudumiwa, yaani 14.3, 13.7, 12.11, 11.16 na 10.21. Pamoja na marekebisho ya kawaida, matoleo haya yanaziba udhaifu mmoja wa kiusalama uliopewa namba CVE-2022-1552 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, ambao ukali wake umepimwa kuwa 8.8 kati ya 10. Shajara hii inafunguliwa leo ili kila hatua ya kuuziba udhaifu huo kwenye seva tunazozitunza iandikwe inapofanyika, pamoja na sababu zake, kwa kuwa atakayeshika zamu baada yetu atahitaji kujua tulichofanya na kwa nini tulikifanya kwa mpangilio huo.

Tangazo linasema kwamba mtu mwenye ruhusa ya kuunda vitu vya kudumu ndani ya hifadhidata, hata kama hana mamlaka mengine yoyote, anaweza kutengeneza kitu ambacho, siku autovacuum (usafi wa kiotomatiki wa seva) itakapokipitia au mtumiaji mkuu atakapokielekezea amri fulani, kitatekeleza amri za SQL (lugha ya hifadhidata) za kuchagua kwake kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Amri zinazotajwa ni CLUSTER (kupanga upya jedwali), CREATE INDEX (kuunda faharasa, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji), REINDEX (kuijenga upya) na REFRESH MATERIALIZED VIEW (kujaza upya jedwali la muhtasari), pamoja na programu ya ukaguzi ya pg_amcheck. Mtumiaji mkuu wa PostgreSQL hazuiliwi na ruhusa yoyote ndani ya hifadhidata, na kwa COPY ya kupitia PROGRAM anaweza kuendesha programu za mfumo wa uendeshaji kwa akaunti ileile inayoendesha seva. Kwa hiyo anayeupata mamlaka huo mdogo wa kuunda jedwali ana njia ya kuifikia mashine nzima.

Kiini cha tatizo kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu asiyekielewa anaweza kudhani kwamba inatosha kuilinda nywila ya mtumiaji mkuu. PostgreSQL inaruhusu faharasa ijengwe juu ya matokeo ya fankisheni (kipande cha msimbo kinachopokea thamani na kurudisha jibu) badala ya juu ya thamani iliyoandikwa kwenye jedwali. Katika hifadhidata yetu ya wateja, kwa mfano, ipo faharasa inayotegemea fankisheni ndogo ya kusawazisha namba za simu, ili namba iliyoandikwa kwa kuanzia na 0 na ile iliyoandikwa kwa kuanzia na +255 zitambulike kuwa ni moja. Fankisheni hiyo imeandikwa na mwenye jedwali, wala si sisi wasimamizi. Kila seva inapoijenga faharasa hiyo, inapoijenga upya au inapoikusanyia takwimu, haina budi kuiendesha fankisheni yenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kazi yote hii inalizunguka: seva inapoendesha fankisheni ya mtu mwingine, inaiendesha kwa mamlaka ya nani?

Jibu linalotakiwa ni kwamba iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye jedwali. Autovacuum, yaani mchakato wa ndani unaoondoa safu zilizokufa na kukusanya takwimu, hufanya kazi kwa utambulisho wa mtumiaji mkuu, hivyo kabla ya kuigusa fankisheni ya mtu unapaswa kuuvua utambulisho huo, kuuvaa ule wa mwenye jedwali, kisha kuwasha zuio maalumu la usalama. Zuio hilo liliingizwa Desemba 2009 wakati wa kuziba CVE-2009-4136. Likiwa limewashwa, msimbo unaoendeshwa hauwezi kujibadilishia utambulisho wala kuunda jedwali la muda, na tangu Novemba 2020, baada ya CVE-2020-25695, hauwezi pia kufyatua triga (msimbo unaojiendesha data inapobadilika) zilizoahirishwa hadi mwisho wa muamala, yaani kundi la amri zinazotekelezwa kama kitu kimoja. Udhaifu wa sasa haumo katika zuio lenyewe. Umo katika wakati wa kuliwasha. Kwenye baadhi ya njia za ndani ya msimbo zuio liliwashwa kwa kuchelewa, baada ya kazi ya hatari kuwa imekwisha kuanza, na kwenye njia nyingine halikuwashwa kabisa.

Mwenzetu mmoja ameuliza kwa nini sharti la IMMUTABLE halitoshi kuwa kinga, maana seva haikubali faharasa juu ya fankisheni ambayo haijatangazwa kuwa haibadiliki na haina athari za pembeni. Sharti hilo linategemea neno la mwenye fankisheni. Seva haichunguzi kiwiliwili cha fankisheni ili kuthibitisha tangazo hilo, na mwenyewe anaweza kuunda faharasa leo kwa fankisheni safi, kisha kesho akakibadilisha kiwiliwili chake kwa CREATE OR REPLACE FUNCTION bila faharasa kuguswa.

13 Mei 2022

Siku nzima imekwenda katika kuorodhesha. Kwa kila seva tumeuliza inaendesha toleo gani, na ni nani ndani yake anayeweza kuunda kitu. La kwanza lilijibika haraka: seva zetu nyingi zinaendesha tawi la 14, chache ziko kwenye 12, na ipo moja ya zamani inayoendesha 9.6. Hiyo ya mwisho itaandikiwa peke yake huko mbele, kwa sababu tawi la 9.6 lilipata toleo lake la mwisho, 9.6.24, Novemba 2021, na katika orodha ya jana ya viraka, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu, halimo.

Swali la pili lilihitaji uvumilivu. Ukiandika \dn+ ndani ya psql, programu ya kuandikia seva amri, kwenye mstari wa skima (sehemu ya hifadhidata inayobeba majedwali na vitu vingine) ya public utaona kipande cha maandishi kama hiki: =UC/postgres. Upande wa kushoto wa alama ya usawa hakuna jina, na ukosefu huo wa jina unamaanisha kila mtu. Herufi U ni ruhusa ya kuitumia skima, herufi C ni ruhusa ya kuunda vitu ndani yake, na postgres ni aliyeitoa ruhusa. Mpaka toleo la 14, hiyo ndiyo hali ambayo kila hifadhidata mpya huzaliwa nayo, ikiwa na maana kwamba yeyote anayeweza kuunganishwa anaweza pia kuunda jedwali, fankisheni na faharasa. Tumeikuta herufi C hiyo karibu kila mahali. Akaunti ya programu ya simu inayo, akaunti ya ripoti inayo, na hata akaunti tuliyompa mshauri wa nje kwa ajili ya kusoma tu inayo, ingawa mkataba wake wa kazi haumtaki aandike chochote.

Jambo hili linanigusa kuliko namba ya alama ya ukali. Tangazo linaposema kwamba mshambuliaji anahitaji ruhusa ya kuunda vitu katika skima mojawapo, msomaji hulichukulia kuwa sharti gumu linalopunguza hatari. Kwetu sharti hilo lilikuwa limetimizwa na kila akaunti iliyopo, bila mtu yeyote kuamua kwamba iwe hivyo.

Jioni tulijadili kama tuzime autovacuum mpaka viraka viwekwe, kwa kuwa hiyo ndiyo hatua ya muda inayoelezwa kwa wasioweza kusasisha mara moja, ikiambatana na kuacha kabisa kuendesha amri zilizotajwa na kutorejesha nakala za pg_dump, programu ya kutoa nakala ya hifadhidata. VACUUM ya kawaida inayoendeshwa kwa mkono inabaki kuwa salama. Tumeamua kutozima. Kwa mipangilio ya kawaida autovacuum huingia kwenye jedwali pale safu zilizokufa zinapozidi takriban asilimia 20 ya jedwali, na hukusanya takwimu upya mabadiliko yanapozidi takriban asilimia 10. Jedwali letu la miamala hufikia viwango hivyo mara kwa mara, na takwimu zake zikichakaa mpangaji wa hoja (maombi ya data) huanza kuchagua njia mbovu na kazi nzima ikazorota. Isitoshe, hata ukizima autovacuum seva bado huiamsha kwa nguvu pale umri wa miamala unapokaribia ukomo, ambao kwa kawaida umewekwa kwenye miamala milioni 200. Kuchelewa kwa siku chache kwa kiraka kulikuwa hatari tunayoweza kuifupisha, ilhali kuzima usafi kungeleta hatari nyingine ambayo ingetudai baadaye.

Badala yake tumefanya mawili usiku huohuo. Tumesimamisha kazi zote zilizopangwa za REINDEX na za kujaza upya majedwali ya muhtasari, na tumeondoa ruhusa ya kuunda kwa amri ya REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC, kwanza kwenye hifadhidata za majaribio kisha kwenye zile za kazi. Baada ya amri hiyo kipande kile cha maandishi kinasomeka =U/postgres. Amri hii haimgusi mwenye skima yake mwenyewe, wala haiondoi vitu vilivyokwisha kuundwa. Inafunga mlango kwa wapya tu, na kwa hiyo haichukui nafasi ya kiraka.

Wiki ya tatu ya Mei

Matoleo madogo ya PostgreSQL hayabadilishi muundo wa data kwenye diski, hivyo hakuna kutoa na kurejesha nakala. Ni kubadilisha faili za programu na kuiwasha seva upya. Ugumu uko kwenye huko kuwasha upya, kwa kuwa wateja hawajui wala hawapaswi kujua kwamba leo kuna kiraka.

Tumeanza na seva nakala, zile zinazofuata mabadiliko ya seva kuu, kisha tukaenda kwenye seva kuu. Mpangilio huo unapendekezwa na nyaraka za PostgreSQL zenyewe, kwa maelezo kwamba toleo dogo jipya lina uwezekano mkubwa zaidi wa kusoma kumbukumbu za mabadiliko zilizoandikwa na toleo la nyuma yake kuliko kinyume chake. Kwa udhaifu huu upo unafuu mwingine: autovacuum haifanyi kazi kwenye seva nakala, kwa hiyo muda wote nakala zilipokuwa zikisasishwa tulikuwa tukijifunza hatua bila kuongeza hatari.

Kwa seva kuu utaratibu ulikuwa hivi. Dakika chache kabla ya saa iliyopangwa tuliendesha CHECKPOINT kwa mkono, ili kurasa zilizobadilika ziandikwe diskini mapema na kuzima kusichukue muda. Kisha, kwa kuwa maombi yote hupitia PgBouncer (programu inayosimamia miunganisho ya kwenda kwenye seva) katika hali ya muamala, tulitoa amri ya PAUSE, ambayo husubiri miamala inayoendelea imalizike na kuyashikilia maombi mapya yangoje. Seva ikazimwa kwa njia ya haraka, ikawashwa kwa programu mpya, tukatoa RESUME, na maombi yaliyokuwa yakingoja yakaendelea. Kwa mtumiaji wa mwisho ilionekana kama ukurasa uliochukua sekunde kadhaa kufunguka. Mahali pekee palipotusumbua ni kwenye ripoti moja ndefu iliyoshika muamala wazi, ambayo PAUSE isingeweza kuisubiri milele. Tulimpigia anayeisimamia kumwomba tuikate, akasema, “Kaka, ikateni tu, nitaianzisha mwenyewe mkishamaliza, bora seva iwe salama.”

Kuna jambo ambalo atakayesoma shajara hii asilipite haraka. Kifurushi kipya kikishawekwa, amri ya postgres --version kwenye ganda la mfumo itajibu 14.3 hata kama seva inayohudumia wateja bado ni mchakato wa zamani uliomo kwenye kumbukumbu. Faili za diskini na mchakato unaoishi ni vitu viwili. Tulichokubali kuwa uthibitisho ni jibu la SHOW server_version lililotolewa na seva yenyewe kupitia muunganisho wa kawaida, likiambatana na pg_postmaster_start_time inayoonyesha kwamba seva imewashwa baada ya kifurushi kuwekwa. Seva moja ya majaribio ilijibu 14.3 kwenye ganda na 14.2 kwenye muunganisho, kwa kuwa usimamizi wa huduma kwenye mashine hiyo ulikuwa umezuia kuwashwa upya kiotomatiki. Mtu angeliangalia la kwanza tu, seva hiyo ingebaki wazi huku ikihesabiwa kuwa imezibwa.

Mwisho wa Mei

Kiraka kikishawekwa linabaki swali ambalo hakiwezi kulijibu: je, kuna aliyeitumia njia hii kabla hatujaifunga? Tumeanza kwa yaliyo rahisi, yaani kupitia pg_roles kuona nani ana alama ya rolsuper, na pg_auth_members kuona nani ameingizwa katika kundi gani. Majina yote yanatambulika na kila moja lina ombi lake kwenye kumbukumbu zetu.

Kisha tukaingia ndani zaidi. Katalogi ya pg_index, yaani jedwali la ndani la seva linaloorodhesha faharasa, ina nafasi ya indexprs, ambayo hujazwa pale faharasa inapotegemea usemi au fankisheni, na nafasi ya indpred kwa faharasa zenye sharti. Tumezitoa faharasa zote za namna hiyo, tukaziunganisha na fankisheni ambazo faharasa hizo zinazitegemea kupitia pg_depend, tukaacha nje fankisheni za mfumo, na kilichobaki tukakisoma kwa macho, mstari kwa mstari. Fankisheni ya namba za simu ilikuwemo, pamoja na nyingine za kusafisha majina na za kukokotoa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Hakuna hata moja iliyokuwa na amri ya kuandika, ya kutoa ruhusa au ya kubadili utambulisho.

Tumeongeza kipimo kimoja tunachokipendekeza kwa wengine. Kila safu ya katalogi hubeba xmin, yaani namba ya muamala ulioiandika. Ukilinganisha umri wa xmin ya fankisheni na ule wa faharasa inayoitegemea, fankisheni iliyo changa kuliko faharasa yake imebadilishwa baada ya faharasa kuundwa, na hilo ndilo umbo hasa ambalo mshambuliaji angeliacha. Ni dalili ya kufuatilia tu, kwa kuwa mwenye jedwali mwaminifu naye anaweza kuboresha fankisheni yake. Kwetu ilitoa fankisheni ya mwaka wa fedha, na aliyeibadilisha alikuwa na sababu ya kazi inayojulikana.

Kumbukumbu za seva zilitusaidia kidogo kuliko tulivyotarajia. Tunaandika kumbukumbu kwa log_statement iliyowekwa kwenye ddl, ambayo hunasa amri za kuunda na kubadilisha vitu, lakini hunasa zile tu zinazotumwa moja kwa moja na mteja. Amri inayotekelezwa kutoka ndani ya fankisheni haionekani humo, na udhaifu huu wote unafanyika ndani ya fankisheni. Kiendelezi (programu ya nyongeza) cha pgaudit kinaweza kuandika amri za ndani pia, na tumeanza kukijaribu kwenye hifadhidata zinazobeba taarifa nyeti.

Katika kupitia kazi zilizosimamishwa tumekuta pia kwamba majedwali ya muhtasari ya kitengo cha ripoti yalikuwa yakijazwa upya kila usiku na kazi inayoendeshwa kwa akaunti ya postgres, ilhali mwenye majedwali hayo ni akaunti ya kitengo. Kiraka kikiwepo, mpangilio huo unalindwa tena na zuio la seva. Hata hivyo tumeubadilisha: kazi hiyo sasa inaendeshwa kwa akaunti ya kitengo chenyewe, na kama hoja iliyomo ndani ya muhtasari ingekuwa na ubaya wowote, ingedhuru kile tu ambacho mwenyewe angeweza kukidhuru bila msaada wetu. Ni kazi ya kubadilisha mstari mmoja, na naiona kuwa na uzito sawa na kiraka.

16 Juni 2022

Limetoka toleo la 14.4 nje ya ratiba ya kawaida, na linahusu tawi la 14 peke yake. Kuanzia 14.0 hadi 14.3, faharasa iliyojengwa kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY au REINDEX CONCURRENTLY ingeweza kukosa baadhi ya safu zilizobadilishwa wakati ujenzi ukiendelea, na kosa hilo halitoi onyo lolote. Hoja hurudi na majibu pungufu kana kwamba data haipo. Hili halikuletwa na kiraka cha Mei, kwa kuwa lilikuwepo tangu 14.0, lakini linatuhusu moja kwa moja, maana kazi zetu za REINDEX hutumia njia hiyo ya kutofunga jedwali.

Tumezisasisha seva za tawi la 14 kwa utaratibu uleule, kisha tukakagua faharasa za B-tree kwa pg_amcheck yenye chaguo la --heapallindexed, ambalo hulinganisha kila safu ya jedwali na faharasa yake. Ikumbukwe kwamba pg_amcheck yenyewe imetajwa kwenye CVE-2022-1552. Ukaguzi huu, ukifanywa na mtumiaji mkuu kwenye seva ambayo haijawekewa kiraka cha Mei, unaweza kuwa ndio mlango wenyewe, kwa hiyo mpangilio wa kuziba kwanza na kukagua baadaye haupaswi kugeuzwa. Faharasa mbili za jedwali la miamala zilionekana kuwa na upungufu, na zimejengwa upya.

Julai 2022

Sasa ile seva ya 9.6. Inahudumia mfumo wa zamani ambao kampuni iliyoujenga haipatikani tena, na kwa muda mrefu jibu la kila aliyetaka kuigusa lilikuwa kwamba inafanya kazi, iacheni. Kwa kuwa tawi lake halipati viraka tena, hakuna toleo dogo la kuweka, na njia iliyobaki ni kuihamisha data yake kwenye tawi linalohudumiwa. Tumechagua 14, kwa kuwa tayari tunalifahamu.

Nakala imetolewa kwa pg_dump ya toleo la 14, kama inavyoshauriwa, badala ya ile ya 9.6. Kurejesha kumefanywa kwenye seva yenye 14.4 tu, na sababu ni ya kiusalama: kurejesha nakala ni kuendesha CREATE INDEX nyingi kwa mkono wa mtumiaji mkuu juu ya majedwali na fankisheni ambazo hatukuziandika sisi, yaani hali ileile inayoelezwa na udhaifu huu. Kabla ya hapo fankisheni zote za hifadhidata hiyo zilisomwa kwa njia iliyoelezwa hapo juu.

Kurejesha kulisimama katikati, kwa kosa la kunyimwa ruhusa kwenye skima inapokaa pg_trgm, kiendelezi kinachosaidia utafutaji wa maneno yanayofanana. Lilitushangaza mwanzoni, kwa kuwa aliyekuwa akirejesha ni mtumiaji mkuu, ambaye hanyimwi ruhusa na skima yoyote. Maelezo yake yamo ndani ya kiraka cha Mei. Ili kuziba udhaifu, CREATE INDEX sasa inauvaa utambulisho wa mwenye jedwali mapema zaidi, mapema kiasi kwamba hata utafutaji wa aina ya ulinganishaji inayohitajiwa na faharasa, ambayo kwetu imo ndani ya skima ya kiendelezi, unafanywa kwa ruhusa za mwenye jedwali. Na pg_dump huziweka ruhusa mwishoni kabisa, baada ya faharasa kujengwa. Wakati faharasa inajengwa, mwenye jedwali alikuwa bado hajapewa ruhusa ya kuitumia skima hiyo, ingawa kwenye seva ya zamani alikuwa nayo.

Tumelitatua kwa kurejesha sehemu ya kwanza ya nakala, yaani skima, aina na majedwali matupu, kisha kumpa mwenye majedwali USAGE kwenye skima ya kiendelezi kwa mkono, ndipo data na faharasa zikafuata. Sikuliona kosa hili kuwa sababu ya kukilaumu kiraka. Linaonyesha kwamba swali la mamlaka ya nani sasa linajibiwa na seva kwa ukali kuliko zamani, na ukali huo uligonga mahali ambapo mpangilio wa nakala ulikuwa ukitegemea ulegevu wa awali.

11 Agosti 2022

Toleo la 14.5 limetoka na limelirekebisha hilo: CREATE INDEX imerudi kutafuta aina za ulinganishaji kwa ruhusa za aliyetoa amri, huku fankisheni za mwenye jedwali zikiendelea kuendeshwa kwa mamlaka yake mwenyewe. Toleo hilohilo linaziba CVE-2022-2625, inayohusu hati za viendelezi kubadilisha vitu visivyo vyao, ambayo nayo ilitegemea mtu kuwa na ruhusa ya kuunda vitu. Tumesasisha. Seva ya 9.6 imezimwa baada ya kitengo kinachoitumia kuthibitisha kwa maandishi kwamba mfumo wake unafanya kazi kwenye seva mpya, na diski yake inatunzwa nje ya mtandao kwa muda uliokubaliwa.

13 Oktoba 2022

PostgreSQL 15 imetolewa leo, na ndani yake hifadhidata mpya hazizaliwi tena na ile herufi C kwa kila mtu kwenye skima ya public. Ruhusa ya kuunda humo sasa ni ya mwenye hifadhidata. Atakayehamia 15 kutoka tawi la nyuma azingatie kwamba hifadhidata iliyohamishwa hubaki na ruhusa ilizokuja nazo, kwa hiyo REVOKE ya Mei bado inahitaji kukaguliwa hifadhidata moja baada ya nyingine.

8 Februari 2024, nyongeza

Shajara hii ilikuwa imefungwa, na inafunguliwa kwa sababu matoleo ya leo, 16.2, 15.6, 14.11, 13.14 na 12.18, yanaziba CVE-2024-0985. Hatua moja ya REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY ilikuwa ikiendeshwa chini ya zuio dhaifu, kiasi kwamba mwenye muhtasari aliyeweza kumshawishi mtumiaji mkuu aujaze upya angeweza kuendesha msimbo kwa mamlaka ya huyo aliyetoa amri. Kazi yetu ya kila usiku ya ripoti hutumia amri hiyohiyo. Tumeikagua asubuhi: bado inaendeshwa kwa akaunti ya kitengo chenyewe, kama ilivyobadilishwa Mei 2022, na hakuna akaunti nyingine yenye mamlaka makubwa inayoigusa mihutasari hiyo. Seva nakala zimekwisha kuwekewa 14.11, na seva kuu zitawashwa upya usiku huu kwa utaratibu wa CHECKPOINT, PAUSE na RESUME ulioandikwa hapo juu.